Geti la Kijani Kongo

Kibera haina namba za nyumba. Ukitaka kumpata mtu unauliza, na ukiuliza utaelekezwa mpaka uchoke: pita choo cha kulipia, vuka mtaro, ukimwona mama wa mandazi jua umepitiliza. Watu wetu hawajui kumnyima mtu njia. Mimi nimewahi kuelekezwa na mzee ambaye hakujua kabisa niendako, ila aliona vibaya kuniacha nimesimama.

Mama mmoja, Adhis, alijipatia jina kutokana na tabia hiyo. Anauza mitumba ya watoto katika soko la Toi, kibanda chake kinapakana na changu. Miaka kadhaa iliyopita mtoto aliyepotea alikaa pale kwake akilia, hata jina la babake halijui. Adhis akampiga picha, akaiweka mtandaoni, na chai yake haijapoa mama mtu akafika mbio kutoka mtaa wa Gatwekera, kiatu kimoja mkononi. Hapo ndipo kundi la Tafuta Wako lilipozaliwa. Leo lina maelfu ya watu, wa Kibera, Kawangware na kwingineko, na hakuna picha inayoonekana humo kabla Adhis hajaipitisha. Watoto, wazee waliosahau njia ya nyumbani, hata mbuzi. Halipwi kitu. Ana maringo kidogo kwa ajili ya kundi lake, na sisi majirani tulimwachia maringo hayo kwa sababu aliyastahili.

Jumamosi moja mchana, soko limefurika, likaja ombi. Ilikuwa picha ya kijana anayecheka, na maneno: ndugu yetu Austine amepotea, mama yake ni mgonjwa sana, mwenye kujua anapokaa tafadhali atuelekeze. Adhis alikuwa akimjaribisha mtoto wa mteja sweta. Akabonyeza kwa kidole gumba, akarudi kwenye sweta.

Watu wakaelekeza. Nayakumbuka majibu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea.

"Huyo ni fundi wa nguo, ako Makina kwa plot ya Mama Bakhita."

"Ukifika msikiti ingia corridor ya pili, mlango ya mwisho."

"Ako ndani saa hii, nimeskia cherehani. Poleni kwa mathe."

Ulikuwa wema mtupu.

Mama Bakhita, mwenye plot hiyo ya vyumba vya kupanga hapa Kibera, ni mjane wa Kinubi ambaye sijawahi kumwona akiharakisha. Siku hiyo alikuja sokoni akihema, mtandio umeanguka mabegani.

"Adhis, toa hiyo kitu," alisema. "Hao si ndugu zake. Wanataka kumuua."

Ndipo tukajua. Kwa miezi Austine alikuwa akiandamwa mtandaoni. Mtu alimrekodi akijipima gauni la bibi harusi aliyekuwa akimshonea, akizunguka nalo na kucheka, na video ikasambazwa ikiitwa ya shoga wa Makina. Kuanzia hapo akawa anaamka kwa matusi na kulala kwa matusi. Walimtishia kumchoma. Walibandika kichwa chake kwenye picha ya mbuzi aliyechunwa. Aliripoti kwa wenye mtandao, wakamjibu kwamba maneno yale hayajavunja kanuni yoyote. Yalikuwa ya Sheng, na nadhani aliyeyapima hajawahi kukanyaga Nairobi. Akaenda kituoni, na askari akamuuliza yeye amefanya nini mpaka watu wamkasirikie hivyo. Je, alikuwa kama walivyosema? Ndiyo. Mama Bakhita alijua tangu ampangishe, na hakuona linamhusu. Kilichokuwa kimemlinda kijana huyo ni kwamba waliomtukana hawakujua mlango wake. Sasa kundi la Adhis lilikuwa limewaonyesha mlango.

Adhis alifuta lile ombi, lakini majibu yalishapigwa picha na yalikuwa yakizunguka katika kundi jingine, la wale wanaomwandama, ambalo yeyote aliweza kuingia. Waliandikiana kwamba nyumba imepatikana, wakutane jioni. Mama Bakhita alikuwa amemfungia Austine chumbani mwake mwenyewe. Kumtoa hakukuwezekana, kwa sababu vijana wawili watatu walikuwa wamesimama pale msikitini wakiwangoja wenzao.

Adhis akachukua simu ya binti yake Whitney, akaingia katika kundi lile kama mmoja wao, akaandika: "Mmechelewa. Alihama jana. Ako Kongo huko Kawangware, plot iko na geti ya kijani nyuma ya posho mill."

Alibuni tu, geti na hata hicho kinu cha kusaga unga. Mtaa huo wa Kongo alikuwa amepita mara moja katika maisha yake, akienda matanga. Mimi nilimwambia ana akili kama sungura, na nilimaanisha hivyo.

Ujanja ukafanya kazi. Vijana wakapanda bodaboda wakaenda zao Kawangware. Mama Bakhita akamvisha Austine kanzu na kofia ya marehemu mumewe, akamshika mkono wakatoka polepole kama watu wanaokwenda kuswali, na kabla ya magharibi kijana alikuwa njiani kwenda Nakuru, kwa watu wanaowapokea waliofukuzwa kama yeye. Tulifurahi. Adhis alikunywa soda, akaanza hata kutania kwamba serikali imwajiri.

Jumapili baada ya kanisa lilikuja ombi jingine. Lilitumwa na Nabwire, mwanamke anayeuza uji Kawangware. Picha ilikuwa ya mwanamume aliyelala kitandani hospitalini, uso umeumuka kama unga wa mandazi. Nabwire aliandika kwamba huyu ameokotwa Kongo nyuma ya posho mill, hawezi kuongea, mwenye kumjua awaite watu wake. Adhis alikaa chini juu ya bunda la nguo. Alinipa simu nisome. Kisha akalipitisha ombi lile, maana mtu aliyelazwa anahitaji watu wake.

Posho mill ipo katika kila mtaa wa Nairobi. Geti la kijani nalo lipo. Nyuma ya lile la Kongo aliishi mtu mmoja peke yake, Nalianya, anayesukuma toroli la mayai na soseji za smokie, na kuishi peke yake kuliwatosha vijana wale kuwa ushahidi. Walimvunja taya na mkono, na jicho la kushoto halijarudi kuona. Mwenye plot, kusikia sababu ya kipigo, akamtolea vitu nje. Wapo walioniuliza kama Nalianya naye alikuwa hivyo. Sijui, sikuuliza, na nikiulizwa tena nitaacha kusimulia. Hakuna jibu ambalo lingefanya taya lile listahili kuvunjwa.

Adhis alikuwa akimpelekea uji kila siku. Nilimsihi akae kimya. Hakunisikiliza, na Nalianya alipoanza kuzungumza, kwa shida, meno yamefungwa waya, akamwambia.

"Ni mimi nilisema geti ya kijani."

Nalianya alimtazama kwa jicho moja. "Ulikuwa unanijua?"

"Hapana. Nilitoa tu kwa kichwa. Kuna kijana walikuwa wanataka kuua."

"Kwa hivyo ukawapea mimi."

Adhis alilia pale, na Nalianya hakumbembeleza. Kwa nini ambembeleze?

"Sasa utaniandikia, mama," akasema baadaye. "Kwa hiyo group yako. Andika mimi si wao. Andika walikosea mtu."

"Nikisema walikosea, ni kama nimesema wangepata mwenyewe ingekuwa sawa. Na watarudi kumtafuta."

"Hiyo ni yako na Mungu wako. Mimi niko na toroli imelala nje na nyumba sina. Landlord ameniambia nisafishwe jina kwanza."

Siku mbili Adhis alizunguka na jambo hilo. Alijaribu kwenda kwa mwenye plot mwenyewe, akafungiwa geti. Alijaribu kuandika maneno mengine, kwamba hakuna mtu anayefaa kupigwa hivi, awe nani, na alipomsomea, Nalianya akageukia ukutani. Kwa hiyo aliandika alivyoombwa. Aliweka picha, akaweka jina, akasema huyu ni mtu safi wa kazi zake, walikosea mtu.

Yakaja mapenzi. Mioyo, pole, watu wa kumfulia, watu wa kumwombea. Mwenye plot akamrudisha wiki ileile, akamletea na kuku. Na katikati ya pole hizo Apiyo, mwanamke mpole anayeimba kwaya na Adhis, akaandika: "Mungu amponye haraka. Sasa yule mwenyewe ako wapi, ndio tusikosee tena?" Watu wengi wakamuunga mkono.

Adhis alifunga majibu, akampigia Austine. Kijana alipokea kwa furaha. Amepata kazi ya kushona mashuka, anaanza Jumatatu. Adhis akamwacha amalize, kisha akamwambia yaliyotokea Kongo, na kwamba asianze, ahame tena, wameanza kumuulizia upya. Austine akauliza ni nani aliyewaambia kwamba yule wa Kongo si yeye.

"Ni mimi," Adhis akasema.

Simu ikakatika. Namba ile haijapatikana tena mpaka leo, na wale watu wa Nakuru wanasema aliondoka bila kuaga.

Siku hizi ukimtafuta mtu mzima katika Tafuta Wako, lazima uje kibandani Adhis akuone uso, na njia haiandikwi hadharani. Mwenye kujua anamwambia yeye peke yake. Watu wanalalamika kwamba amekuwa mgumu kama karani wa serikali. Wengine wamejitoa wakaanzisha kundi lao, na huko wanaelekezana kama zamani. Mimi nilimwambia labda ni heri Austine asijulikane aliko, maana sasa hata yeye hawezi kumwelekeza mtu. Alikasirika, tukakaa siku nzima bila kusemezana. Ana kundi la maelfu ambalo limepata watoto na wazee na mbuzi, na Austine, huyo mmoja anayemtafuta kweli, hawezi kumuulizia humo.