Nembo ya Studio ya Sebuleni

Nembo yetu ya kwanza ilikuwa na kila kitu. Dunia ilizunguka, tai akatua juu yake, moto ukalipuka, kisha jina la studio likatokea kwa herufi za dhahabu, na chini yake namba ya simu na maneno "Harusi, Kipaimara, Mahafali, Misiba". Ilichukua karibu dakika nzima. Niliitengeneza mwenyewe kwenye meza ya chakula, hapa ughaibuni Campbelltown, nikitoka zamu ya kuhudumia wazee, na niliipenda kupita kiasi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyeshika kamera siku ambazo hakuendesha lori la makontena bandarini Port Botany. Studio ilikuwa sisi wawili tu.

Kosa letu ni kwamba tuliibandika nembo hiyo mwanzoni mwa kila video. Tulirekodi mazishi ya mzee mmoja Mrundi, tukampelekea mjane video yake. Akanipigia simu.

"Mwanangu, mume wangu alikuwa mtu wa sala. Mbona mmemtanguliza motoni?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, nami nikamkasirikia yeye badala ya kujikasirikia mwenyewe.

Basi tukajifanya wastaarabu. Nembo ya pili ilikuwa jina tu, rangi ya kijivu, kimya, sekunde tatu. Shemeji alisema ndiyo ya kisasa. Harusi iliyofuata ilikuwa ya Wakenya wa mtaa wa Rooty Hill, tukaalikwa kuitazama video pamoja na ukoo mzima. Nembo ikapita bila mtu kuiona. Wanawake walikuwa bado jikoni, wanaume wakibishana habari za overtime, na bibi harusi akaingia kanisani huku watu wakiulizana rimoti iko wapi.

"Sister, hii video mmeikata mwanzo," mama wa bibi harusi akaniambia. "Rudisheni ile kitu yenu, tujue imeanza."

Hapo nikaelewa. Kwetu sisi, nembo ndiyo inayowaita watu waje kukaa. Jumapili tukawarekodi akina mama wanaopika kanisani, mikono imejaa unga, wakipiga vigelegele mmoja baada ya mwingine mpaka wakawa wote, na jina la studio likitokea katikati ya sauti zao. Hakuna aliyelalamika tena.

Kisha tukathubutu. Tulitengeneza filamu fupi ya kubuni kuhusu binti anayemtunza mzee wa kizungu, ikakubaliwa kuonyeshwa kwenye sinema mjini. Tulirukaruka kwa furaha mpaka mwandaaji wa onyesho hilo alipotuandikia: filamu ianze moja kwa moja, nembo itolewe.

"Shemeji, tukubali tu," alisema mdogo wa mume wangu. "Wasije wakatunyima hiyo spot. Kwani sisi nani?"

"Ndiyo wajue sasa sisi nani!"

Nilichemka. Miaka yote nimeingia nyumba za watu wa mji huu kwa mlango wa uani, kuwaogesha wazazi wao, na sikuwa tayari kuingia sinema kwa mlango huo huo. Nikampigia mwandaaji simu, nikamweleza kwa Kiingereza changu hiki hiki kwamba bila nembo watu wetu hawajui wakae lini. Nikamwambia pia kwamba jina letu lisipotoka, filamu inarudi nyumbani. Hilo shemeji hakulijua. Mwandaaji akasema sawa, isizidi sekunde kumi.

Siku ikafika, taa zikazimwa. Akina mama wakajaa kwenye skrini kubwa, unga mpaka kwenye nyusi, na vigelegele vyao vikaufunika ukumbi. Jina letu likatokea, pana kama ukuta. Halafu kimya. Nikaona nimeponza kazi ya watu wawili.

Ukumbi mzima ukalipuka makofi.

Nikajikuta nimesimama. Shemeji akanivuta gauni, "Kaa chini bwana, filamu bado haijaanza!" Sikukaa. Niliwapungia mkono wote, kulia na kushoto, kama bibi harusi, huku nikilia.