Mlevi wa Mtori

Juzi nilikaa kwenye benchi la kliniki moja hapa Moshi nikisubiri kupimwa presha. Mbele yangu kijana mwenye koti jeupe alikuwa akimhoji mama mnene kutoka Mwika, ajue kama chakula kimemtawala kama pombe inavyomtawala mlevi.

"Shikamoo mama. Huwa unaendelea kula hata ukishashiba?"

"Marahaba. Kwenye sherehe za ubarikio wa watoto kanisani nisipomaliza sahani, mwenye shughuli ananuna."

Kijana akaandika ndiyo.

"Umewahi kujaribu kupunguza chakula ukashindwa?"

Mama akavuta kanga kufunika magoti. "Nilipunguza, mwanangu, na nikakonda kweli. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba nina ule ugonjwa. Wateja wakaacha kununua maziwa yangu, na shemeji akaja kuuliza shamba litabaki na nani. Nikarudia mtori wetu wa ndizi na nyama, bakuli mbili mbili, mpaka wakanyamaza."

"Kwa hiyo ulishindwa," kijana akasema. Akaandika ndiyo nyingine, kisha akamtangazia kuwa ni mlevi wa chakula.

Kipimo chenyewe sina ugomvi nacho, ila kimekosea nyumba. Kingeanza na majirani, ambao hawamalizi siku bila kuutafuna mwili wa mwenzao, uwe mnene au uwe mwembamba.