Tulifunika mpunga wa Mama kwa chandarua, kumbe wadudu tumewafungia ndani

Wakuu, salaam popote mlipo. Haya yametokea kwenye balcony yangu hapa Falls Church, ughaibuni, sijaongeza chumvi.

Mzee alipofariki nilimleta Mama kutoka Kyela, maana kule hana tena wa kumwangalia. Lakini hapa akawa mnyonge. Mimi nashinda kazini (IT), majirani hawamwelewi. Kila jioni ni tiketi, tiketi ya kurudi nyumbani.

Mwanamke mmoja Mkongo wa Oxon Hill, si mbali na hapa, analima mpunga kwenye community garden (bustani ya pamoja), akanigawia mbegu. Mama akaziotesha kwenye ndoo za tope na maji.

Akaniambia, "Mpunga ukizaa, nakaa. Ukikataa, nikatie tiketi."

Basi mwenzenu nikawa mkulima kwa lazima.

Mwezi wa nane masuke yakatoka. Mama akaanza kuimba jikoni. Halafu wakaja wadudu bapa wa kahawia, ukiwagusa wananuka vibaya mno. Ni kunguni wa mimea. Punje ikiwa bado maziwa wanaichoma na kuifyonza, linabaki ganda tupu. Mapepe.

Sasa Mtanzania akiona mdudu anawaza nini? Chandarua! Mama alikuja nacho kwenye begi, eti kama aendako kuna mto basi mbu wapo. Tukafunika ndoo zote, tukachomekea vizuri kama kitanda cha mgeni.

Baada ya muda mapepe yakazidi. Nikawa najiuliza, hawa wanapitia wapi?

Jumamosi nikachuchumaa na tochi ya simu. Wakuu, hawapiti popote. Walikuwa ndani tangu mwanzo, kwenye masuke na kwenye nyasi tuliyoiacha ndooni. Waliobaki nje ni buibui waliokuwa wanawawinda. Yaani tumewapa wadudu nyumba, chakula na ulinzi juu.

Mama alicheka sana. Kisha akauliza tiketi zinapatikana lini. Roho iliniuma.

Nikagoogle, tukajaribu. Alfajiri wadudu wanakuwa wazito kwa ubaridi, hivyo tunakung'uta masuke juu ya beseni la maji ya sabuni, wanadondoka na kuzama. Tukang'oa nyasi, tukapangusa mayai chini ya majani. Ndipo tukarudisha chandarua. Sumu hatukugusa.

Tulichovuna hakikujaza hata bakuli. Nikatoa sufuria, nikijua leo tunaonja wali wetu. Mama akazifunga punje kwenye kitambaa.

"Hizi hatuli. Ni mbegu ya mwakani."

Niliingia bafuni nikalia, sifichi.

Nilichojifunza: chandarua ni kizuri, ila kagua kwanza unamfungia nani.

Wakulima wa Kilombero na Mbarali, nyie shamba zima mnawakung'utaje hawa? Au mna njia nyingine? Shusheni maujuzi, Mama amekaa hapa pembeni anasubiri nimsomee. Anataka ndoo ziongezwe, na landlord bado hajui.