Njeru alisimama kwa sababu mimi nilikimbia

Siamini bado. Kwa simu yangu kuna voice note yake ya Jumatatu: "Kitambi, usichelewe, leo tuna watoto wa kutoka Laare."

Kwa wasiomjua: Njeru, mtu wa Karurumo, alikuwa mwalimu wa wageni kwenye hifadhi tunayofanya kazi. Mimi nilikuwa assistant wake. Ukweli? Nilikuwa kichekesho chake.

Somo la nyati ndilo watoto walilipenda. Njeru anashikilia zile pembe kuukuu kichwani, anawavamia, anaguruma, "Chini!" Wote wanalala kifudifudi kwenye nyasi. Si rahisi nyati kumnyanyua mtu aliyejibana chini.

Kazi yangu ilikuwa kuwa mjinga anayekimbia. Mayowe, tumbo linaruka, kiatu kinabaki nyuma.

"Mwangalieni vizuri huyu," anawaambia. "Huyu ndiye nyati anapenda!" Watoto hoi kwa kicheko.

Miaka tisa, jamani. Kila wiki.

Jumatatu, tukiwa katikati ya somo hilo, akaja nyati mwenyewe. Dume, peke yake, kutoka vichaka vya mtoni. Njeru akasema "Chini!" kabla wengi hawajamwona. Watoto chini. Madam wao chini. Njeru chini.

Mimi nikakimbia.

Na mayowe yalikuwa yaleyale. Watoto, nyuso zikiwa kwenye nyasi, wakanisikia, wakacheka. Walidhani ni igizo.

Nyati akanifuata mimi. Njeru akainuka, akapunga kofia: "Wewe! Kuja huku! Kitambi, chini!"

Nyati akageuka, akamvaa yeye. Askari wetu wa hifadhi alifyatua risasi, lakini alikuwa amechelewa.

Hakuna mtoto aliyepata hata mkwaruzo. My God, Njeru.

Juzi mkewe, Mama Wanja, alinishika mikono mbele ya wazee: "Asante shemeji, ulikimbia kutuitia msaada." Ndivyo report ya ofisi inavyosema. Nikanywa chai yake, vikombe viwili.

Sikukimbia kuita mtu. Nilikimbia tu.

Leo asubuhi nilimwandikia Mama Wanja hivyo, kabla ya kuandika hapa. Nilingoja matusi. Akajibu:

"Najua. Watoto walisimulia. Nilitaka nione kama utasema. Jumamosi utabeba jeneza, wewe mbele."

Njeru, njia ya kwenu ina mteremko na mimi nina haya magoti. Nitabeba.

Lala salama, mwalimu. Mjinga wako atatembea polepole.