Sura ya Jaribio la Tano

Katika miaka ile ya vita shule yetu ya sekondari, hapa Kisangani, ilipewa kompyuta mbili. Baada ya mwezi mmoja programu za ofisi zilizokuwa ndani yake zilijifunga zikidai kulipiwa. Mama prefe, ndivyo tulivyomwita mkuu wa shule, aliniita mimi karani wake akanituma nitafute za bure mtandaoni: ya kuandikia barua, ya kupangia pointi za wanafunzi, na ya kusafishia picha za kadi zao. Sikuwahi kusomea kompyuta. Nilijifunza peke yangu, kwa kitabu kimoja cha Kifaransa kisicho na jalada.

Nilichukua daftari nikachora safu: jina, inakula mega ngapi za data, inafunguka mtandao ukiwa dhaifu au hapana. Safu ya mwisho niliiita Madoa. Za barua na pointi nilizimaliza kwa siku tatu. Tulichagua moja yenye folda ya pamoja: nilichohifadhi mimi ofisini kwangu, mama prefe alikiona papo hapo katika mashine yake. Hilo niliandika kuwa ni sifa.

Kwa zana za picha nilihitaji kipimo kimoja, maana mizani hailinganishwi kwa mizigo tofauti. Nikachagua picha ya darasa iliyoletwa na mwalimu mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Ubundu. Shule yake ilikuwa imechomwa, na wanafunzi wake waliofika mjini walikuwa wakisoma kwetu. Katika mstari wa tatu, wa pili kutoka kulia, palikuwa na msichana aliyegeuza kichwa wakati wa kupigwa. Uso wake ulikuwa ukungu mtupu, kama kwamba mtu alipitisha kidole juu ya wino mbichi, na upande mmoja wa ukungu huo kulikuwa na doa jeusi. Nilimchukua yeye. Zana itakayomweza huyu, nilifikiri, itaziweza kadi zote.

Nne zilishindwa. Ya tano ilikuwa na kitufe cha kuboresha uso. Nilikibonyeza saa nne asubuhi, umeme wa bwawa la Tshopo ukiwa umetulia, nikahesabu hadi kumi na tisa. Uso ukaja: macho maangavu, midomo iliyofumbwa, hereni ndogo sikioni. Nilifurahi. Kisha nikaona jambo ambalo sikuliandika. Shingo ya msichana ilikuwa bado imegeukia kushoto, lakini uso ulinitazama mimi. Nilisogeza kiti hadi ukutani. Ukaendelea kunitazama.

Katika daftari niliandika: "Jaribio la 5. Mega kumi na moja. Madoa yameondoka yote. Nzuri sana." Nikaihifadhi katika folda ya pamoja, nikaenda nyumbani kula.

Nilipokuwa mezani, mama mmoja aliingia shuleni. Alikuwa amepotezana na binti yake katika msongamano wa watu waliogombea treni kule Ubundu. Kwetu mtu aliyepotea hutangazwa parokiani baada ya misa, na karatasi yenye sura yake hubandikwa pale mlangoni na kwenye bandari ya mitumbwi. Bila sura, tangazo huwa maneno tu. Vitu vyote vya mama huyo vilikuwa vimebaki njiani, simu na picha pamoja, lakini alikuwa amesikia kwamba picha ya darasa la binti yake iko kwetu. Aliijua picha hiyo, akaonyesha kidole: mstari wa tatu, wa pili kutoka kulia. Mama prefe akafungua folda, akaikuta sura imekwisha kusafishwa, akaichapisha.

"Aliishika karatasi, akaisogeza dirishani," mama prefe alinisimulia kesho yake. "Kisha akasema: 'Njo yeye, binti yangu. Lakini amekonda. Mulimupiga picha wapi?'"

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Sikusema. Mama mzazi amemtambua, nilijiambia. Mimi nani nimpinge?

Karatasi zikabandikwa. Siku ya nne muuza samaki kutoka Yanonge alisema amemwona huko, akiuza kwanga, mikate ya muhogo, ukingoni mwa mto. Siku ya sita mwendesha toleka, hizo baiskeli zetu za kubeba watu, alisema amempakia hadi darajani na kwamba hakusema neno njia nzima. Siku ya saba mama muuza makaa alimwona kisimani. Nilikwenda kwa kila mmoja na daftari langu. Wote watatu, pasipo kuulizwa, walitaja hereni.

Nilirudi ofisini nikafungua picha ya darasa. Ukungu haukuwa na hereni. Haukuwa hata na sikio.

Mama yule alikuwa amekwisha kufunga mzigo wa kwenda Yanonge kwa mtumbwi, ingawa kila siku tulisikia kwamba mto kuelekea huko haukuwa salama. Nilimkuta ukumbini kwa jamaa waliompokea, ameketi juu ya mzigo wake.

"Mama," nilimwuliza, "mutoto alikuwaka na alama usoni?"

"Kovu. Aliangukia jiko akiwa mudogo. Hapa." Akagusa shavu la kushoto.

"Kwenye karatasi haliko."

"Niliona. Nikasema labda limepona."

"Kovu la moto haliponi, mama."

Basi nikamwambia yote: ukungu, kitufe, hesabu hadi kumi na tisa, doa jeusi nililosifu kwamba limeondoka. Nilimwambia mashine haikumwona binti yake kamwe. Ilikisia tu.

"Donc, papa, kumbe ulitengeneza mutu."

"Nilitengeneza sura."

"Na watu wanamuona."

Siku hiyo hiyo nilichapisha karatasi nyingine: ukungu kama ulivyo, doa likiwemo, na chini yake kwa herufi kubwa, KOVU LA MOTO SHAVU LA KUSHOTO. Mama alisema haitamsaidia mtu, haina uso. Lakini alifungua mzigo wake, akangoja.

Siku mbili baadaye alikuja mfanyabiashara aliyetoka Ubundu wiki iliyotangulia na mizigo ya samaki wakavu. "Nyinyi wa mjini munashangaza," alimfokea mama prefe. "Wiki nzima napita mbele ya karatasi yenu. Mutoto mwenye kovu iko kwa shangazi yangu, anakausha samaki, kila siku analia mama yake. Ningejuaje kama njo yeye? Ile sura yenu iko ya mutu mwingine!"

Binti alifika kwa treni iliyofuata. Mama alilishika shavu lile la kushoto kwa viganja viwili, hakuliachia mpaka tulipotoka kituoni.

Tulipita parokiani kuondoa karatasi. Ile ya ukungu niliibandua. Binti alisimama mbele ya ile ya kwanza. "Huyu iko nani?" aliuliza. Niliponyoosha mkono kuibandua, mama alinizuia.

"Acha, papa. Labda iko na mama yake, anamutafuta."

Nilicheka kidogo, peke yangu. Yeye hakucheka. Wakati huo muuza makaa alikuwa akipita na kapu lake. Alimwangalia binti, akatikisa kichwa, akamsalimu mama kwa upole: "Asante Mungu, mama, umepata mumoja. Yule mwingine nimemuona tena leo asubuhi, kisimani. Nimemwambia muko hapa."