Udi wa Baba

Juzi, hapa Jadida, kijana wa jirani yangu aliletwa kwao na wenzake wamemshika makwapani, kalewa unga. Haukupita muda, harufu ya udi ikaingia dirishani kwangu. Nikajua mama yake kawasha chetezo.

Kwetu Mgogoni pia, mama alifukiza udi kila baba aliporudi kutoka kwa wagema, ananuka tembo la mnazi lililochacha. Mimi nikidhani anafanyiwa heshima. Chuoni, tukisubiri zamu ya kusoma Kurani, niliwatambia wenzangu: "Baba akirudi, kwetu hufukizwa kama harusini." Wakaniita muongo.

Alasiri moja mama alikuwa kisimani. Baba alilala chali ukumbini, akikoroma kama mtu anayesukutua. Nikachota makaa jikoni, nikatia udi, nikaketi karibu yake. Kukoroma kukakoma. Nikaona udi umempendeza. Sasa najua alikuwa amepaliwa na matapishi.

Mama aliingia, akatua ndoo, akamgusa kifua. Kisha akachana upande wa kanga, akamfunga kidevu mpaka utosini.

"Jino linamuuma?" nikauliza.

"Hakimuumi kitu tena. Nletee makaa, mwanangu, udi usizime."

Nikaleta. Wanawake wakaanza kuingia, wanaume wakajaa barazani, na udi ukafuka mpaka jioni. Wenzangu wa chuoni walikuja pia na mwalimu wetu, wakasimama mlangoni. Niliwatazama mmoja mmoja. Sasa waliona wenyewe kwamba sikuwa muongo.