Kireno cha Muhamudo

Muhamudo wa Quiterajo, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Msumbiji, alikuwa mvuvi wa kawaida na mkalimani hodari wa lugha asiyoijua. Miaka ya mwanzo ya uhuru, gari la serikali lilileta sinema ya koperativa, yaani ushirika, ya wakulima wa korosho, Kireno kitupu. Kwa kuwa aliwahi kuwafulia nguo askari wa Kireno, watu walimsukuma mbele awaeleze. Alijua maneno kama ishirini, mengi ya sabuni. Basi akatunga: bwana wa miwani anayepekua magunia ni baba mkwe mkorofi; dada wa kwenye trekta ni bintiye, anamkimbia mchumba wa kulazimishwa, kwani kijana ampendaye amenyimwa. Watu walicheka, wakalia, wakaomba irudiwe kesho yake.

Miaka thelathini ikapita. Gesi ikaonekana baharini, na mikutano ikaanza. Siku moja Vitória, binti aliyetumwa kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa, kuwaeleza watu habari za gesi, alitaka kuwafurahisha kwanza. Akaleta sinema ileile, sasa imetiwa maneno ya Kiswahili. Madirisha ya shule yakazibwa kwa mikeka.

Muhamudo alijibanza mlangoni. Bwana wa miwani akafumbua kinywa, akaeleza unyevu wa korosho.

Bi Awa, aliyeiona ile ya kwanza, akasimama. "Mwanangu, mmeiharibu. Huyu ni baba mkwe."

"Bibi, huyu ni mkaguzi."

"Mkaguzi huko kwenu Pemba. Hapa kamnyima mtu mke."

Wakataka sauti izimwe, Muhamudo aitwe. Alifika mbele, akamnong'oneza Vitória, "Mama, nilidanganya."

"Nimeshaelewa, babu. Endelea tu, wasije wakaondoka."

Akasimulia. Alikuwa amesahau nusu, lakini hawakumwacha apotee. Mkewe Wahida alimsahihisha mara tatu, tena mbele za watu.

Kisha ikaja picha ya gesi, sauti ikafunguliwa. Mzungu mwenye kofia ngumu alionyesha bomba, akasema sana, Kireno kitupu. Macho yote yakamgeukia Muhamudo.

"Na huyu anasemaje?"

Uongo ulimjia mdomoni, mtamu. Akautazama ule mchoro wa bomba, ulivyopita palepale wanapotega nyavu.

"Huyu simjui," akasema. "Muulizeni aliyemleta."

Wakamgeukia Vitória. Nyavu zitategwa wapi? Makaburi je? Binti alikuja na majibu ya maswali sita. Alipoulizwa la saba, alivuta kiti akakaa, akaomba kalamu ayaandike.